Kulabu ya Mistari Miwili

Vijana wangu wa karakana, ile kulabu mliyonipa siku ya kuniaga mtaikuta juu ya benchi la kazi, karibu na jiliwa. Imeng'arishwa vizuri, kibao chake cha mvule kimepigwa msasa mpaka kinateleza, na jina langu limeandikwa bila kosa, jambo ambalo wenye hoteli waliotuletea kazi miaka yote ile hawakuliweza hata mara moja. Lakini mtaona kwamba vile vitone vitatu mlivyoigongea, alama yangu, havipo tena. Nimevifuta kwa grenda mimi mwenyewe. Msidhani nimeidharau zawadi yenu. Nimekaa mwezi mzima nikitafuta namna ya kuwaeleza, na kwa kuwa mdomoni yananikwama, nimeyaandika.

Mnanijua mimi Musyoka kama fundi wa kulabu. Tangu nilipoingia karakana ile ya kando ya barabara ya Lungalunga mpaka nilipotoka, kazi yangu ilikuwa hasa hiyo: kutia kulabu za kufungia mizigo kwenye malori, pikapu na matrela. Mageti na madirisha nimechomelea pia, lakini geti likianguka huwa linaanguka mahali pamoja. Mzigo ukifunguka barabarani haujulikani utamkuta nani.

Nilikuja pwani kutoka bara kutafuta kazi ya hoteli Diani, kama wenzangu wengi. Nikaipata, ya kutengeneza mabomba na viti vya bustani, msimu wa wageni ukaisha, nikaambiwa nikapumzike hadi nitakapoitwa. Bado naendelea kupumzika. Nikateremka barabara hadi nikasikia mlio wa chuma, nikaingia uani na kumkuta mtu mfupi mwenye mikono mipana, cheche zimemtoboa shati kifuani pote. Huyo ndiye Fundi Bakari, Mdigo wa Kikoneni.

"Habari yako, mzee," nikasema. "Nimeambiwa hapa kuna kazi."

Akazima mashine. Akaniangalia kwa muda. "Anza tena."

Sikumwelewa.

"Umeingia kwa watu, bwana. Anza tena."

Ndipo akili ikanijia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Watu wa kwenu hawajambo?"

Tukazimaliza habari za kwetu zote, mvua, ng'ombe, mama yangu na mguu wake, na kazi haikutajwa hata kidogo. Kwa Bakari salamu haikuwa mchezo. Mtu akimpita bila kumwamkia alikaa na jambo hilo siku nzima, akilirudia kwenye chai kana kwamba ameibiwa. Nilimcheka moyoni wakati huo. Likumbukeni jambo hili, nitalirudia.

Siku ile ya kwanza hakunipa nyundo wala kijiti cha kuchomelea. Alinipa gunia nilalie, akaniambia niingie chini ya lori na nitoke nikiwa na habari. Nikatoka nikamwambia nimeona boliti. Akanirudisha. Nikatoka nikamwambia nimeona boliti kumi na mbili. Akanirudisha. Mara ya tatu nikamwambia boliti mbili zimeshika mbao tupu, hazikufika kwenye boriti ya chesisi. "Sasa umeingia kazini," akasema. Kulabu mnayoiona juu ya bodi haina kazi yoyote, alinieleza, kinachoshika mzigo ni kile kilicho chini, na chini hakuna mteja anayeinama kutazama. Kwa hiyo ni wewe na dhamiri yako.

Alinifundisha mambo ambayo nanyi nimewafundisha mpaka mkanichoka. Usitoboe kabla ya kupiga chaki na kuhakikisha boriti iko wapi. Anza na keekee ndogo, kisha kubwa. Bamba la chini liwe pana kuliko kiganja chako, nati ziwe mbili, ya pili ikaze ya kwanza. Mdomo wa kulabu uelekee mkanda unakotoka, kwa sababu kulabu inayovutwa kiubavu hujikunja polepole kila kona mpaka siku moja inanyooka. Rangi ya kuzuia kutu ipakwe hata ndani ya tundu, kwa kijiti na kitambaa. Nilikuwa nikidhani hilo la ndani ya tundu ni ushamba wake tu.

Na kulikuwa na desturi ya alama. Kila fundi wa karakana ile alikuwa na yake. Bakari alikata mistari miwili kwa patasi kwenye kitako cha kulabu. Mimi nikachagua vitone vitatu. Hakuna aliyeruhusiwa kugonga alama kabla kulabu haijavutwa. Mnakijua kile kipande cha reli kilichozikwa kwa saruji nyuma ya ua: tunaifunga kulabu kwenye cheni bloki, tunavuta mpaka springi za gari zinalalamika, tunashuka chini kutazama, ndipo tunagonga. Na kanuni ya pili, iliyo nzito zaidi: kulabu ikitolewa kwenye gari moja kwenda jingine, alama ya zamani inafutwa kwanza. "Ikishang'olewa haina fundi," Bakari alikuwa akisema. "Mwenye kuitia upya ndiye mwenyewe."

Kazi ngumu zilikuwa nyingi. Malori ya mifugo kutoka Samburu yalikuja yakinuka mpaka machozi, na mkojo wa ng'ombe umekula chuma hata ukiishika boliti inabaki mkononi kama kashata. Madereva wake walikuwa na haraka ya kudumu. "Fundi, weka tu mbili za nyuma, hiyo itashika poa," mmoja aliniambia, na nyuma yake fahali amefungwa kwa kamba ya katani kwenye msumari. Wenye hoteli, kwa upande wao, walitaka kulabu zinazong'aa kwenye matrela ya mashua, ili mgeni azione. Tuliwatilia za kung'aa juu, tukawatilia za kweli kando yake. Na malori ya samaki kutoka Bodo ndiyo yalikuwa mabaya kuliko yote. Barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanashuka kwenye tundu la boliti na kukaa humo. Juu rangi nzima, chini nati nzima, katikati, pale mbao zinapoficha, chuma kinakwisha kimya kimya. Bakari alinionyesha mara nyingi. Siwezi kusema sikujua.

Nilikuwa nimeshafanya kazi miaka ya kutosha kujiita fundi siku Bakari alipofiwa na dada yake, akaenda Kikoneni kwa matanga. Asubuhi ya siku ya pili akaingia mkulima mmoja wa mashamba ya walowezi, Mkamba mwenzangu, akivuta trela jipya lisilo na kulabu hata moja. Alikuwa na mashine ya kusagia mahindi aliyotaka kuifikisha bara ya Kikoneni kabla ya mvua, na mawingu yalikuwa yamekwisha kujaa. Alikuwa na mpakiaji wake, Hamisi wa Bodo, mtu mzima mwenye kicheko cha karibu. Hamisi aliniamkia vizuri, akaniuliza habari za kwetu, akaketi kivulini akikaza uzi wa kiatu chake.

Dukani kulabu zilikuwa zimekwisha. Nyuma ya ua palikuwa na bodi la lori la samaki lililong'olewa, la kijani, na juu yake kulabu sita za mistari miwili. Nikang'oa nne. Mikia yake, ile inayopita ndani ya mbao, ilikuwa na kutu. Nikaisugua kwa brashi ya waya, na mmoja, shingoni pale, ulikuwa mwembamba kuliko mingine. Niliushika kwa vidole viwili. Niliuona. Nikajiambia ni kutu ya juu, na kwamba kazi ya Bakari haivunjiki. Nikatoboa, nikatia mabamba, nikakaza nati mbili mbili, nikapaka rangi nyekundu juu ya ile ya kijani. Cheni bloki ilikuwa imeshika injini ya mtu, na kuishusha na kuirudisha kungekula saa nzima. Sikuvuta.

Zilibaki alama. Grenda ilikuwa pale pale mkononi. Mwenye trela akainama, akaona mistari miwili chini ya rangi mbichi, uso ukamkunjuka. "Kumbe hizi ni za Fundi Bakari? Basi, basi. Nilikuwa na wasiwasi bure."

Ningeweza kumwambia. Ilikuwa sentensi moja tu. Nikanyamaza, na grenda nikaiweka chini. Ukweli ni kwamba kwa kuwa sikuzivuta, sikutaka kuzigongea vitone vyangu, na jina la Bakari lilikuwa limeshafanya kazi niliyotakiwa kuifanya mimi.

Mashine ile ilifungwa mchana huo huo. Hamisi alipanda juu ya trela kuishikilia, kama wapakiaji wote wanavyofanya na kama wanavyokatazwa. Kwenye mteremko wa kwanza baada ya kuacha lami, kulabu ya nyuma kushoto ilikatika shingoni. Mkanda ukalegea, mashine ikateleza, ikamkandamiza kwenye ubao wa mbele. Alikufa kabla hawajapata watu wa kuinyanyua. Alimwacha mke, Mwanamisi, na watoto watatu.

Siku tatu baadaye askari wa trafiki alikuja karakana na kulabu ndani ya mfuko wa nailoni. Bakari alikuwa amerudi kutoka matangani asubuhi ile ile. Askari akaiweka juu ya benchi, hilo hilo ambalo juu yake mtaikuta zawadi yenu.

"Alama hii ni ya nani?"

Bakari aliichukua. Akapitisha kidole gumba juu ya mistari yake. Akaigeuza, akatazama pale ilipokatika. Kisha akaikwangua kwa ukucha, rangi nyekundu ikabanduka, ya kijani ikaonekana. Lori lile la samaki alilitia kulabu kwa mikono yake, na bodi lake lilikuwa hatua ishirini kutoka pale, na juu yake matundu manne mapya. Akainua macho akanitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza, aliponiambia nianze tena.

Nilikuwa na barakoa ya kuchomelea kichwani. Nikaishusha usoni.

"Ni yangu," Bakari akasema.

Akangoja. Nilimwona kupitia kile kioo cheusi, yaani sikumwona, lakini nilijua anangoja. Nikagusisha kijiti kwenye chuma, cheche zikaruka, na nikaendelea kuchomelea geti la mtu mpaka askari alipoondoka naye.

Hakufungwa. Kesi ilizungushwa hadi ikachoka, kwa kuwa mwenye trela naye alikuwa na makosa yake ya kubeba mtu juu ya mzigo. Lakini pwani ya kusini habari haihitaji mahakama. Madereva wakaanza kuuliza mlangoni, "Nani yuko leo?" Wakisikia ni Bakari wanasema watarudi. Kuna aliyekuja na trela akamtaka ang'oe kulabu zake zote mbele ya watu. Bakari akazing'oa, moja moja, akafuta mistari kwenye kila moja, akampa. Mwaka haukuisha akakusanya patasi na nyundo zake akarudi Kikoneni kulima mihogo. Nafasi yake nikapewa mimi.

Miaka iliyofuata ndiyo mnayoijua ninyi. Mnanijua kama yule mzee mkali anayevuta kila kulabu mara mbili, anayetupa ya zamani badala ya kuitumia tena, anayemrudisha dereva hata akitukana. Mlidhani ni ustadi. Mlikuwa mkiwaambia wateja, "Mzee Musyoka akigonga vitone vitatu, lala usingizi." Kila nilipoisikia nilikasirika nanyi na hamkujua sababu. Halafu mkaniaga kwa kulabu iliyong'arishwa, na katika hotuba mmoja wenu akasema mimi sijapata kutia kulabu iliyokatika. Mkapiga makofi. Nikasimama, nikawashukuru.

Wiki iliyofuata nikaenda Kikoneni. Nilimkuta Bakari barazani kwake, amekwisha kuwa mzee kweli, na masikio yake yameliwa na miaka ya grenda na nyundo. Nilimwamkia mara tatu ndipo akasikia.

"Marahaba, mwanangu. Watu wa kwenu hawajambo?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa sauti ya chini, nikiwa nimepiga magoti ikibidi. "Mzee, ile kulabu niliitia mimi," nikasema.

"Eti?"

"Kulabu! Niliitia mimi!"

"Sema kwa nguvu, mwanangu, sisikii."

Basi nikapiga kelele. Jambo ambalo nililifunika miaka kumi na minne nililitoa kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto: kwamba niling'oa kulabu zake kwenye lori la samaki, kwamba niliona shingo nyembamba, kwamba sikuvuta, kwamba sikufuta mistari, kwamba nilishusha barakoa. Mkaza mwanawe aliyekuwa akitwanga uani akaacha mchi hewani. Majirani wawili wakasimama kwenye ua. Nikamaliza, koo linaniuma.

Bakari akasema, "Nilijua siku ile ile. Rangi ya kijani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikungoja useme wewe. Nikangoja, nikaona siku zinakwenda. Halafu nikasema, mistari si yangu? Bodi lile si nililiacha nyuma ya ua mimi, na kulabu zangu juu yake? Ningezivunja. Sikuzivunja." Akafuta mdomo. "Umenijia mimi kwa nini? Mimi sikufa. Mwanamisi umemwambia?"

"Sijamwambia."

"Basi hujasema bado. Nenda Bodo."

Nikaenda siku hiyo hiyo kwa pikapu yangu, kabla sijapata nafasi ya kufikiri. Nyumba ya Mwanamisi iko mwisho wa kijiji, mikoko inaanzia nyuma ya choo chake. Nilipiga hodi, akanikaribisha, akanipa kigoda, kwani hakunijua. Nikamweleza yote, safari hii kwa sauti ndogo. Alikuwa akisuka ukili. Mikono ilisimama nilipofika kwenye shingo nyembamba, ikaanza tena, ikasimama kabisa nilipofika kwenye mistari.

"Kwa hiyo si yule mzee," akasema.

"Si yeye, mama. Ni mimi."

Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Unajua yule mzee huja hapa?" akasema mwishoni. "Kila Idi. Watu wakishatoka kuswali, namwona anakuja na njia ile, na mkungu wa ndizi kichwani. Anasimama pale mlangoni, anasema asalamu alaikumu. Nami simwitikii. Anangoja kidogo, anaweka ndizi kizingitini, anaondoka. Ndizi zenyewe nawapa mbuzi. Watoto wangu niliwakataza, asimwitikie mtu. Miaka yote hii. Idi iliyopita alikuja na mkongojo, ndizi amebebewa na mtu wa pikipiki, akatoa salamu yake, akangoja, akaenda." Akautazama mlango. "Sikuwahi kumwitikia hata mara moja, na kuitikia ni lazima. Mungu ananiona nini mimi?"

Nilimwona Bakari yule wa siku ya kwanza, aliyekosa raha siku nzima kwa sababu mtu amempita bila salamu, akisimama kwenye kizingiti kile mwaka baada ya mwaka kwa ajili yangu. Nikalia. Mwanamisi hakuniambia ninyamaze.

Alijifunga leso, akatia viatu. "Nipeleke kwake," akasema.

Alikaa nyuma, kwenye bodi, ameshika kulabu ya pembeni, ingawa kiti cha mbele kilikuwa wazi. Niliendesha polepole kuliko nilivyowahi kuendesha. Tulipofika, Bakari alikuwa barazani ametugeuzia mgongo, anamenya mihogo ya usiku. Hakusikia gari, hakusikia mlango wa pikapu ukifungwa, hakusikia hatua. Hakutoa salamu yoyote, kwa kuwa hakujua kama kuna mtu.

Mwanamisi akasimama chini ya baraza. "Wa alaikumu salaam," akasema.

Kisu kikaendelea kumenya.

Akapanda, akamzunguka, akachuchumaa mbele yake mpaka nyuso zao zikawa sawa, akaisema tena, taratibu, midomo ikionekana. "Wa alaikumu salaam, mzee wangu."

Bakari aliweka kisu chini. Aliweka muhogo chini. Alibaki akimtazama na machozi yanashuka kwenye yale makovu ya cheche, na Mwanamisi akaisema mara ya tatu, na ya nne, kama mtu anayelipa alichokichelewesha. Mimi nilikuwa bado nimesimama kando ya pikapu.

Mwanamisi akageuka akaniona. "Wewe nenda," akasema.

Nikaenda.